Kidonda Hupona kwa Njia Gani?

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Yale yaliyosemwa redioni yameandikwa hapa, ili mpate kuyasoma polepole na kusomeana. Asiyeelewa sehemu fulani asione haya. Na airudie, au amwombe mwenzake amsomee.

Somo letu la leo ni historia. Lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya jambo dogo ambalo kila mmoja wetu ameliona katika mwili wake mwenyewe, yaani kidonda kinachopona. Mtu analima, jembe linateleza na kumkata kidole cha mguu. Damu inatoka, halafu inaganda. Baada ya siku chache pana kigaga. Zikipita wiki mbili au tatu, kigaga kimebanduka, na chini yake pana ngozi mpya. Nani aliyeishona ngozi hiyo? Alitumia uzi gani? Na fundi huyo alipata wapi chakula cha kumtia nguvu za kufanya kazi?

Iliwachukua wataalamu zaidi ya miaka 100 kulijibu vema swali hilo la mwisho. Jibu lenyewe ni sukari. Lakini angalia, ndugu msomaji: si sukari inayomwagwa juu ya kidonda. Ni sukari iliyomo ndani ya damu yako. Tofauti ya sukari hizo mbili ndiyo shabaha ya somo letu, na asiyeijua aweza kupoteza mguu wake.

ASALI JUU YA KIDONDA

Tuanze na jambo ambalo watu wa nchi hii wanalijua. Katika mapori ya Kondoa mizinga ya nyuki hutundikwa mitini, na jirani zetu Wasandawe wamesifika tangu zamani kwa kuwinda na kutafuta asali. Asali ni chakula, na watu wengi huihesabu pia kuwa dawa. Wazee watakuambia kwamba asali hupakwa juu ya kidonda. Je, hayo ni maneno ya bure? Hapana, si ya bure.

Mwaka 1862 Mmarekani mmoja aliyeitwa Edwin Smith alinunua maandishi ya kale katika mji wa Luxor, nchi ya Misri. Yaliandikwa juu ya mafunjo kiasi cha miaka 1600 kabla ya Kristo. Mwaka 1930 mtaalamu James Henry Breasted alitoa tafsiri yake kamili kwa Kiingereza, na ikaonekana kwamba ni kitabu cha mganga wa majeraha. Ndani yake mna habari za wagonjwa 48: huyu amepasuka kichwa, yule amevunjika mkono. Mara nyingi mganga anaagizwa kufunga jeraha kwa nyama mbichi siku ya kwanza, na siku zinazofuata kulifunga kwa mafuta, asali na nyuzi. Kumbe dawa ya asali ina umri wa zaidi ya miaka 3,500!

Sasa tuulize sababu. Asali ina sukari nyingi na maji machache, na kitu chenye sukari nyingi huvuta maji. Chumvi nayo hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana samaki aliyetiwa chumvi haozi upesi. Vijidudu vinavyooza kidonda ni viumbe hai, na kila kiumbe hai kinahitaji maji. Vikinyang'anywa maji, haviwezi kuzaana. Tena asali ina uchachu kidogo, na inapochanganyika na majimaji ya kidonda hutoa kidogo kidogo dawa ya kuua vijidudu.

Hata sukari ya dukani imejaribiwa. Mwuguzi mmoja mzaliwa wa Zimbabwe, Moses Murandu, aliona jambo hilo kwao tangu utoto, kisha akalifanyia uchunguzi katika hospitali za Uingereza, alikokwenda kufanya kazi na kufundisha. Mwaka 2007 madaktari wa Malawi nao walitangaza matokeo ya kulinganisha asali na sukari kwa wagonjwa 40 wenye vidonda. Vyote viwili vilisaidia, lakini asali ilionekana kuwa bora.

Basi tusiwacheke wazee. Lakini tuelewe kazi ya asali ni ipi. Asali ni askari wa mlangoni. Inawazuia adui wasiingie. Haiilishi nyama iliyo chini. Tena asali inayotumiwa hospitali husafishwa kwanza ili kuua vijidudu vilivyomo, na asali ya mzingani haikusafishwa hivyo. Anayeshona ngozi mpya ni mwingine kabisa, naye anakula chakula kinachotoka upande wa ndani.

VYUMBA VIDOGO VYA MWILI

Ili tumjue fundi huyo, yatupasa kusafiri mbali kidogo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande chembamba cha gome la mti kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo sana. Akaona vijumba vingi vimepangwa kama masega ya nyuki. Akaviita kwa jina lenye maana ya vyumba vidogo. Nasi leo twaviita seli, au chembe hai.

Ilipita miaka mingi kabla ya watu kufahamu maana ya jambo lile. Mwaka 1838 Mjerumani Matthias Schleiden alisema kwamba mimea yote imejengwa kwa seli. Mwaka uliofuata mwenzake Theodor Schwann akasema kwamba wanyama nao ni hivyo hivyo. Kisha mwaka 1855 daktari Rudolf Virchow akakaza neno moja kubwa: kila seli huzaliwa na seli nyingine.

Fikiri juu ya neno hilo, ndugu msomaji, nawe utaona linavyokihusu kidonda chako. Ngozi mpya haitoki katika dawa, wala katika kitambaa, wala katika asali. Yatoka kwa seli za ngozi zilizobaki hai pembeni mwa kidonda. Hizo hujigawa, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, huku zikisogea polepole kutoka kila upande mpaka zikutane katikati. Dawa yaweza kulinda kazi hiyo, lakini haiwezi kuifanya badala yake.

Wako na wafanyakazi wengine. Mwaka 1882 Mrusi mmoja, Elie Metchnikoff, alikuwa akikaa Messina, mji wa pwani ya Italia. Alichukua watoto wa kiumbe wa baharini aitwaye kiti cha pweza, ambao miili yao inapenya mwanga kama kioo, akawachoma kwa miiba midogo ya waridi. Asubuhi ya pili akatazama kwa hadubini. Akaona seli nyingi zimekuja kuuzunguka mwiba, kama watu wa kijiji wanaomzunguka nyoka aliyeingia nyumbani. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba mwili una seli za kulinda na kusafisha. Katika damu yetu wako chembe nyeupe wanaofanya kazi hiyo. Hufika kidonda kingali kipya, wakala vijidudu na kuondoa takataka za nyama iliyokufa.

Kwa hiyo kidonda ni kama mahali pajengwapo nyumba. Wako walinzi, wako wafagiaji, wako mafundi. Na kila mwenye kuwaita watu kazini hujua kwamba lazima awapikie.

SUKARI YA DAMUNI

Chakula chao kikubwa ni sukari. Huenda mtu akasema: "Mimi sinywi chai ya sukari, wala sina fedha za kuinunua. Basi damu yangu yapata wapi sukari?"

Fanya jaribio dogo. Chukua tonge la ugali mkavu, wa mtama au wa uwele, usilitie mboga. Litafune muda mrefu pasipo kulimeza. Baada ya muda utaonja utamu kwa mbali. Mate yameanza kuugeuza wanga wa ugali kuwa sukari. Kazi hiyo huendelea tumboni na katika utumbo, na mwishowe sukari iitwayo glukosi huingia katika damu. Kwa hiyo mkulima wa Kolo ana sukari damuni sawasawa na tajiri wa mjini.

Lakini damu ina sukari hata mtu asipokula. Jambo hilo lilifunuliwa na Mfaransa Claude Bernard. Mwaka 1848 alichunguza mbwa waliolishwa nyama tupu, pasipo chakula cha wanga wala cha sukari. Hata hivyo, damu iliyotoka katika maini yao ilikuwa na sukari! Akaendelea kutafuta, na mwaka 1857 akaweza kuitenga akiba yenyewe, yaani kitu kama wanga kinachowekwa ndani ya ini, kiitwacho glaikojeni. Ini ni ghala. Ukila, laweka akiba. Usipokula, latoa kidogo kidogo. Ndiyo maana usiku, wewe umelala, seli za kidonda chako huendelea kulishwa.

MBWA WA STRASBOURG

Sasa twafika kwenye ugonjwa ambao wengi wenu mmewahi kuusikia, yaani kisukari. Tangu zamani waganga waliona wagonjwa wanaokojoa sana, mkojo wao ukiwa na sukari, nao wakikonda mpaka kufa. Hakuna aliyejua sababu.

Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, ile nyama ndefu iliyo nyuma ya tumbo. Mbwa akaanza kukojoa mara kwa mara. Minkowski alipoupima mkojo, akakuta umejaa sukari. Basi ikajulikana kwamba kongosho hutoa kitu kinachoisaidia sukari kutumika mwilini. Lakini ni kitu gani?

Jibu lilipatikana Toronto, nchi ya Kanada. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, wakifanya kazi chini ya Profesa John Macleod, walitoa maji ya kongosho yaliyoweza kupunguza sukari ya mbwa wenye ugonjwa huo. Mwenzao James Collip akayasafisha. Mwezi wa Januari, mwaka 1922, dawa ilidungwa kwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu kufa. Sindano ya kwanza haikufaa sana. Ile ya pili, iliyosafishwa vema zaidi, ilishusha sukari yake, naye akapata nguvu. Dawa hiyo ndiyo insulini, na mpaka leo yaokoa watu kila siku.

MLANGO WA SELI

Hata hivyo, swali moja lilibaki. Insulini hufanya nini hasa? Wengi walidhani kwamba huingia ndani ya seli na kuiwasha sukari, kama mtu anayewasha kuni.

Katika mwaka 1949 na 1950, huko Chicago, daktari Rachmiel Levine na wenzake walionyesha njia nyingine. Waliwapa mbwa sukari ya namna nyingine, ambayo misuli haiwezi kuichoma. Kama kazi ya insulini ingekuwa ni kuwasha tu, isingeleta badiliko lo lote kwa sukari ile. Lakini walipodunga insulini, sukari ile ikatoka damuni na kuenea zaidi ndani ya mwili. Basi insulini haikuwasha kuni. Ilifungua mlango, kuni zikaingia.

Kwa kweli ngozi ya seli imejengwa kwa mafuta, na sukari haipiti katika mafuta. Mwaka 1952 Mwingereza W. F. Widdas, akichunguza jinsi sukari inavyopita katika kondo la nyuma la kondoo kumfikia mwana tumboni, alihesabu na kuona kwamba sukari haiwezi kuwa inapenya yenyewe kama maji katika mchanga. Lazima pawepo mvushaji anayeichukua upande huu na kuiweka upande wa pili, kama mtu mwenye mtumbwi avushaye abiria mtoni. Mwaka 1985, huko Marekani, Mike Mueckler na wenzake walifaulu kusoma muundo mzima wa mvushaji mmoja. Ni protini, tena imeungwa kwa vipande 492 vilivyofuatana kama shanga katika uzi. Mvushaji huyo aitwa GLUT1.

Baadaye wakajulikana na wengine, kila mmoja na nambari yake. Kwa somo letu yatosha kuwajua wawili. GLUT4 yumo katika misuli na mafuta, naye hukaa ndani akingoja kuitwa na insulini. GLUT1 yumo katika seli nyingi, zikiwemo seli za ngozi, naye hangoji insulini. Yu mlangoni mchana na usiku.

MILANGO INAPOONGEZEKA

Haya, sasa turudi kwenye kidole kilichokatwa na jembe.

Mishipa midogo imekatika, na damu haifiki vema katikati ya kidonda. Kwa hiyo pana upungufu wa oksijeni, ile hewa tunayoivuta kwa kupumua. Kwa kawaida seli huchoma sukari kwa msaada wa oksijeni, nayo hupata nguvu nyingi kwa sukari kidogo. Pasipo oksijeni, seli bado yaweza kuivunja sukari, lakini faida yake ni ndogo sana. Ni kama kupika juu ya mafiga mahali penye upepo: kuni nyingi zateketea, na chungu chachelewa kuchemka. Kwa hiyo fundi wa kidonda anahitaji kuni nyingi kuliko seli iliyo mahali pazima. Tena kuni hizo kwake ni mbao pia, maana sehemu ya sukari hutumika kujengea seli mpya.

Seli yajuaje kwamba oksijeni imepungua? Mwaka 1992 Gregg Semenza na mwenzake Guang Wang, katika mji wa Baltimore, walitangaza kwamba wameona protini waliyoiita HIF-1. Oksijeni ikiwa tele, protini hiyo huharibiwa upesi. Oksijeni ikipungua, inabaki, nayo hutoa amri ndani ya seli. Mojawapo ya amri zake ni hii: ongezeni milango ya sukari. Ndipo GLUT1 wengi hutengenezwa na kupangwa katika ngozi ya seli. Kwa uchunguzi wa namna seli zinavyotambua oksijeni, Semenza, pamoja na Peter Ratcliffe na William Kaelin, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Je, kweli milango hiyo ni ya lazima kwa kidonda? Mwaka 2018 wataalamu wa Dallas, katika jimbo la Texas, walitangaza jaribio zuri. Walikuwa na panya ambao seli za juu za ngozi yao hazina GLUT1. Panya hao walikua vema, na ngozi yao ilikuwa ya kawaida. Kwa kazi ya kila siku ngozi iliweza kuishi bila mlango huo. Lakini panya hao walipopata jeraha, ngozi yao ilichelewa kujirudi. Seli zilishindwa kuzaana kwa haraka iliyotakiwa. Hapo ndipo palipoonekana wazi kwamba ngozi iliyotulia ina matumizi yake, na ngozi inayojijenga upya ina mahitaji makubwa zaidi.

MBONA SUKARI IKIZIDI KIDONDA HAKIPONI?

Hapa msomaji mwenye akili atauliza: "Kama kidonda kinahitaji sukari, basi mwenye kisukari, aliye na sukari tele damuni, angepona upesi kuliko sisi. Mbona twaona kinyume chake?"

Watu wa Kondoa wanao mfano wa jibu hilo. Shamba lahitaji maji. Lakini mvua kubwa ikishuka kwa nguvu juu ya mlima usio na miti, haishibishi shamba. Huchimba makorongo, huchukua udongo, na siku ya pili ardhi imekauka tena. Ndiyo sababu mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO, ili kuokoa ardhi ya Kondoa iliyokuwa ikiliwa na makorongo. Maji ni uhai, lakini maji yasiyo na kipimo ni maangamizi.

Na sukari ni hivyo hivyo. Ikizidi damuni kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya damu, ikawa myembamba au ikaziba. Basi damu haifiki vema mguuni, na fundi wa kidonda hakosi oksijeni tu, hukosa na chakula. Pia huharibu mishipa ya fahamu. Mtu hukanyaga mwiba asisikie, hutembea nao kutwa nzima, na jioni haoni sababu ya kutazama unyayo. Tena chembe nyeupe, wale walinzi, huwa wazito kazini. Na wataalamu wameona kwamba katika sukari nyingi hata ile amri ya HIF-1 hudhoofika. Basi sukari imejaa barabarani, na kazi ya ujenzi imesimama.

HABARI ZA NCHI YETU

Msidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili, Dar es Salaam, walitangaza uchunguzi wao wa vijiji sita vya Tanzania. Walipima watu zaidi ya 6,000, na wenye kisukari hawakufika hata 1 katika kila 100. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima kwa watu wa umri wa miaka 25 mpaka 64, na wenye kisukari walionekana kuwa kiasi cha 9 katika kila 100. Namna ya kupima na umri wa waliopimwa havikuwa sawa, kwa hiyo tusizilinganishe hesabu hizo kama mizani ya dukani. Lakini zatosha kutuambia kwamba ugonjwa huu umekuwa wetu.

Katika Muhimbili, daktari Zulfiqarali Abbas amefanya kazi kwa miaka mingi katika kliniki ya miguu ya wenye kisukari. Yeye na wenzake wameandika mara nyingi kwamba wagonjwa huja wakiwa wamechelewa, mguu umekwisha kuoza, na hapo kukata ndiyo njia iliyobaki ya kuokoa uhai. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianzisha mafunzo yaliyoitwa Hatua kwa Hatua. Madaktari na wauguzi wa mikoani walifundishwa kutunza miguu ya wenye kisukari, nao wakarudi makwao kuwafundisha wengine. Mafunzo hayo baadaye yaliigwa katika nchi nyingine. Fundisho lao kuu ni kwamba miguu mingi inayokatwa ingeweza kuokolewa, kama kidonda kingetunzwa mapema.

TUFANYE NINI SISI?

Hapa kwetu Kolo pana michoro ya mawe ambayo Mary Leakey na mumewe Louis waliinakili mwaka 1951, na ambayo mwaka 2006 iliandikwa katika urithi wa dunia. Mahali paitwapo Mongomi wa Kolo wako watu wapandao mpaka leo kwa matambiko, ya kuomba mvua na ya kuombea wagonjwa. Hatukuja kugombana na mtu juu ya mambo ya mababu. Twasema hivi tu: mwenye kidonda na apitie zahanati kwanza.

Nayo yatupasayo kukumbuka ni haya.

Kidonda kikiwa kipya, kioshe kwa maji safi na sabuni, ukifunike kwa kitambaa safi. Usikipake udongo wala kinyesi cha ng'ombe, maana humo hukaa vijidudu vya pepopunda. Uliza zahanati habari ya chanjo yake.

Usitie asali ya mzingani wala sukari katika kidonda kirefu, chenye usaha au kilicho mguuni mwa mwenye kisukari. Twajua sasa kwamba vitu hivyo havilishi nyama. Na siku unazongoja ni siku za vijidudu.

Mgonjwa mwenye kidonda asinyimwe chakula. Seli zinazojenga zahitaji sukari inayotoka katika ugali, na pia protini inayotoka katika maharage, kunde, mayai, maziwa au nyama. Mwenye kisukari naye ale kwa kipimo alichoelekezwa, asiache dawa yake, wala asiache kula kwa hofu.

Mwenye kisukari asitembee miguu mitupu. Kila jioni atazame nyayo zake na katikati ya vidole. Kama macho yake hayaoni vema, mjukuu na amtazamie. Akiona jeraha lo lote, hata dogo lisilouma, aende zahanati siku iyo hiyo. Kutouma kwake si dalili ya kupona. Yawezekana ni dalili kwamba mishipa ya fahamu imekufa.

Na mtu ye yote ambaye kidonda chake kimekaa wiki mbili pasipo kuonyesha dalili ya kupona, na aombe kupimwa sukari ya damu. Hasa kama ana kiu isiyokwisha, anakojoa mara kwa mara, au anakonda bila sababu. Kipimo hutaka tone moja la damu ya kidole, na jibu hupatikana upesi.

Tangu siku za Claude Bernard mpaka siku za panya wa Dallas ilipita miaka 170. Watu wa mataifa mengi waliongeza kila mmoja jiwe lake, na hesabu ya kondoo ikasaidia kueleza mguu wa mtu. Elimu hiyo haikufungiwa katika vitabu vya madaktari peke yao. Sasa umeisoma wewe mwenyewe, kwa lugha yako, nawe waweza kumsomea jirani asiyejua bado kusoma. Huenda jirani huyo ana kidonda alichokifunika kwa kitambaa, naye anangoja kipone.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Asali hufanya kazi gani juu ya kidonda? Ni kazi gani haiwezi kuifanya?
2. Mtu asiyekula sukari ya dukani hupata wapi sukari ya damu?
3. Levine na wenzake walijuaje kwamba insulini hufungua mlango wa seli?
4. Kwa nini seli za kidonda huongeza milango ya sukari?
5. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: mbona mwenye sukari nyingi damuni huchelewa kupona?
6. Andika barua fupi kwa ndugu yako mwenye kidonda kisichopona. Mshauri afanye nini, na umweleze sababu.